Muziki wa Njiani

Mtu wa Mbololo, Taita, anayekwenda Nairobi hutelemka kwanza hadi Tausa, kisha Voi, na Voi ndiko safari hasa inakoanzia. Mbele yake kuna kilomita 330 hivi za barabara kuu, na karibu 100 za mwanzo zinakata nyika ya Tsavo hadi Mtito Andei: vichaka, tuta la reli, ndovu mara mojamoja, na mtandao wa simu unaokuja na kupotea. Akiwa ndani ya basi atakaa saa sita au zaidi. Si ajabu basi kwamba siku chache kabla ya kuondoka hujikuta kwenye duka la simu mjini Voi, akigeuzageuza mkononi kicheza muziki kipya ambacho mwezi uliopita asingekitupia jicho.

Mwanauchumi wa Marekani, Richard Thaler, alieleza mwaka 1985 kwamba watu hawahesabu fedha zao kama fungu moja. Huzigawa akilini: hizi za karo, hizi za unga, hizi za safari. Fungu la safari likishatengwa, bei iliyoonekana kubwa wiki iliyopita hukaa kando ya nauli na mizigo ikaonekana ndogo. Simlaumu mnunuzi huyo hata kidogo. Saa sita ni sehemu kubwa ya siku ya mtu, na kifaa chenyewe kilizaliwa kwa ajili ya msafiri.

Mwanamuziki Fadhili William, mzaliwa wa Taita, alipoirekodi "Malaika" katika miaka ya 1960, wimbo ulikuwa kitu cha kukaa nao nyumbani au baa. Uliishi kwenye santuri, na santuri husomwa na sindano inayopita ndani ya mfereji mwembamba. Basi likiingia shimo moja tu, sindano inaruka. Kampuni ya Philips iliondoa kikwazo hicho mwaka 1963 ilipotoa kaseti: utepe wa sumaku unaopita umebanwa mbele ya kichwa cha kusomea, hata ukitikiswa. Hata hivyo vinanda vya kaseti viliendelea kuwa vizito, vyenye spika na kinasa sauti ndani yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Masaru Ibuka, mmoja wa waanzilishi wa Sony, alikuwa akisafiri mara kwa mara kwa ndege na kubeba kinasa kizito ili asikilize muziki angani. Akaomba atengenezewe kitu chepesi zaidi, cha kusikilizia tu. Mafundi walichukua kinasa kidogo cha waandishi wa habari, wakaondoa sehemu ya kunasa na spika, wakaweka mahali pake sauti ya stereo. Tarehe 1 Julai 1979 kifaa hicho, kilichoitwa Walkman, kikaanza kuuzwa Japani, kikitumia betri mbili ndogo.

Hapa ndipo wasimulizi wengi huharakisha, nami nataka kutua. Kupunguza kinanda hakukutosha. Hedifoni za wakati ule zilikuwa na uzito wa gramu 300 hadi 400, na hakuna anayeweza kuvaa mzigo huo kichwani safari nzima. Kikundi kingine ndani ya Sony kilikuwa kimeshatengeneza hedifoni za sifongo zenye gramu 50 hivi, na vitu hivyo viwili vilipokutana ndipo muziki ulipoanza kutembea na mtu. Nusu ya uvumbuzi ilikuwa masikioni. Mnunuzi wa leo bado hulisahau jambo hilo: hulipa fedha zote kwenye kioo kinachong'aa na kuchukua iafoni ya bei ya chini kabisa iliyoning'inizwa mlangoni.

Ili kuona kwa nini hilo ni kosa, tuangalie jinsi wimbo unavyoingia kwenye memori kadi. Kwenye CD, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, kwa upande wa kushoto na wa kulia. Jumla ni biti zaidi ya milioni 1.4 kwa sekunde. Wahandisi wa Ujerumani, Karlheinz Brandenburg akiwa miongoni mwao, walitafuta kitu gani kinaweza kutupwa bila msikilizaji kujua. Wakaegemea tabia ya sikio: sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo jirani nayo, kama honi ya lori inavyomeza maneno ya mtu aliyesimama kando ya barabara. Kilichofunikwa hakisikiki, kwa hiyo hakuna haja ya kukihifadhi kikamilifu. Kwa njia hiyo faili la MP3 la kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde hubaki na chini ya sehemu moja ya kumi ya data ya CD, karibu megabaiti moja kwa kila dakika. Kadi ya gigabaiti 8 hubeba nyimbo 2,000 za dakika nne. iPod ya kwanza ya mwaka 2001 ilibeba 1,000 na ikauzwa dola 399, zaidi ya shilingi 30,000 za Kenya kwa thamani ya wakati ule.

Sasa ingia ndani ya basi. Ufunikaji uleule uliomnufaisha mhandisi unamgeukia msafiri. Mngurumo wa injini na magurudumu umejaa sauti nzito za chini, na sauti nzito zina nguvu ya kufunika hata zilizo juu yake. Besi hupotea kwanza. Kwa mtu aliyekua akisikia ngoma ya mwazindika ya Wataita, kilichopotea ni uti wa mgongo wa wimbo. Anachofanya kila mtu ni kuongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linasema sikio la mtu mzima linaweza kuvumilia desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwenye desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa nne, na kwenye 95 ni saa moja na robo tu. Anayeshindana kwa sauti na injini kutoka Voi hadi Nairobi anaweza kumaliza posho ya wiki nzima kabla hajafika Emali.

Dawa ni kuzuia mngurumo usiingie. Iafoni yenye ncha laini ya mpira au sifongo, inayoziba tundu la sikio sawasawa, hupunguza kelele za nje kiasi kwamba muziki husikika vizuri kwa sauti ya chini. Kama mfuko unaruhusu, zipo zinazoua kelele kwa umeme: maikrofoni husikia mngurumo, na kifaa hutoa wimbi lililo kinyume chake. Amar Bose alianza kupiga hesabu za jambo hilo mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege, akirudi Marekani kutoka Ulaya. Naye alikuwa msafiri aliyechoshwa na injini.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kujitanua kidogo kabla ya safari ni huu: ajitanue kwenye iafoni. Kicheza muziki chenyewe kiwe cha kawaida. Mafaili makubwa ya FLAC, ambayo hayakutupa chochote, yana thamani chumbani usiku; barabarani injini inafunika tofauti hiyo yote.

Betri inataka hesabu rahisi. Redio nyingi ndogo za memori kadi hutumia betri bapa ya simu za zamani za Nokia, BL-5C, yenye miliampea-saa (mAh) 1,000 hivi. Kifaa kinachovuta miliampea 50 kitaimba saa 20. Kinachovuta 200 kitaimba tano, na kuzima kabla ya Nairobi.

Kadi ndiyo yenye hila. Kadi feki hutengenezwa ikidanganya ukubwa wake: imeandikwa gigabaiti 64 kumbe ndani ni 4, na nafasi ikijaa nyimbo mpya huandikwa juu ya zile za kwanza. Majina yote yataonekana kwenye orodha, lakini mengi yakiguswa hayaimbi. Jaza kadi yako kabisa ukiwa bado nyumbani, kisha cheza wimbo wa mwanzo, wa katikati na wa mwisho.

Zipo pia nyimbo zisizouzwa popote: kwaya ya kanisa la kijijini, wazee wakiimba Kidawida harusini, sauti iliyonaswa na simu ya binamu. Hizi ndizo ningezitanguliza, kwa sababu ukishaondoka ni vigumu kuzipata. Kuna jambo moja la kiufundi hapo. Simu huhifadhi sauti kwa umbo la M4A au AMR, na sauti zinazonaswa ndani ya WhatsApp huwa za Opus, ilhali vicheza muziki vingi vya bei nafuu husoma MP3 na WAV pekee. Kijana wa saiba mwenye kompyuta anaweza kuzigeuza zote kuwa MP3 kwa dakika chache, mradi umpelekee mapema, wala si asubuhi ya kupanda basi.