Je, nambari za magari zionyeshe kaunti ya nyumbani?

KILA mwezi wa Desemba, barabara kuu ya kutoka Nairobi kuelekea Nakuru, Eldoret na Kisumu hufurika magari ya watu wanaorejea mashambani kusherehekea Krismasi. Mtu aliyesimama kando ya barabara mjini Naivasha anaweza kujua mengi kwa kusoma tu nambari za usajili za magari hayo. Atajua kwamba gari la KBA lilianza safari zake katika barabara za Kenya mwaka 2007 au karibu na hapo, na kwamba la KDA ni la mwaka 2020 au baada yake kidogo. Akiwa mwepesi wa hesabu, atakadiria hata bei ambayo mwenye gari angelipwa akiamua kuliuza. Jambo moja tu hawezi kulijua, nalo ni gari hilo linatoka wapi. La mkulima wa Kitale na la wakili wa Mombasa yamevaa kibao cha sura moja.

Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, shughuli nyingi zilizokuwa za Nairobi zimehamia mashinani. Kaunti ndizo zinazosimamia hospitali nyingi za umma, leseni za biashara, masoko na maegesho. Kwa hivyo si ajabu mtu akiuliza kwa nini kibao cha gari nacho kisitaje kaunti. Yako mataifa yanayofanya hivyo, na yako yaliyofanya kwa miaka mingi kisha yakaacha. Kabla ya Kenya kufikiria kuiga, inafaa kutazama jinsi mpango huo unavyofanya kazi, na hasa jinsi unavyosomwa na watu barabarani.

Mfumo tunaoutumia ulianza mwaka 1989. Kuna herufi K, kisha herufi mbili, tarakimu tatu na herufi moja ya mwisho. Nambari hutolewa kwa kufuatana, bila kujali mwenye gari anaishi wapi. Gari la mkazi wa Lamu na la mkazi wa Turkana yanaweza kupata nambari zinazofuatana iwapo yatasajiliwa siku moja. Daftari lenye majina ya wamiliki na anwani zao huwekwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Awali kazi hiyo ilikuwa ya Mamlaka ya Ushuru (KRA). Vibao vya kizazi kipya vilivyozinduliwa Agosti 2022 viliongezewa alama za kuwazuia waghushi, lakini mpangilio wa nambari haukubadilishwa.

Nchi ambayo huenda ndiyo mfano bora wa vibao vya kaunti ni Ireland. Tangu mwaka 1987, nambari ya gari nchini humo imekuwa ikianza na mwaka wa usajili, kisha herufi za kaunti, halafu nambari ya mfuatano. D ni Dublin, C ni Cork, G ni Galway na KY ni Kerry. Juu ya nambari huandikwa jina la kaunti kwa lugha ya Kiairishi. Mwaka 2013 mpango huo ulirekebishwa, mwaka ukagawanywa sehemu mbili, 131 na 132, jambo lililoepusha pia nambari 13 ambayo wanunuzi wengi huiona kuwa ya mkosi. Mwaka uliofuata, mabaraza ya Limerick, Waterford na Tipperary yalipounganishwa, herufi zao nazo ziliunganishwa. Wapenzi wa michezo ya jadi ya Ireland, ambayo hushindaniwa na kaunti, huipenda sana herufi ya kwao.

Hata hivyo, gari la Ireland huchukua herufi za kaunti ya mnunuzi wa kwanza na kubaki nazo hadi litakapotupwa. Likiuzwa mara tatu na kuhamia upande wa pili wa nchi, D yake haibanduki. Kibao hicho basi hakisemi gari linakaa wapi bali lilizaliwa wapi.

Jimbo la Nebraska nchini Marekani linaonyesha hali hiyo kwa namna ya kuchekesha zaidi. Kaunti zake 93 zilipewa nambari kulingana na idadi ya magari yaliyosajiliwa mwaka 1922. Douglas, kaunti ya jiji la Omaha, ilipata 1. Lancaster, palipo na makao makuu ya jimbo, ikapata 2. Jirani ya Douglas upande wa kusini, kaunti ya Sarpy, ilikuwa na magari machache ikapewa 59. Miaka ilipita, Omaha ikapanuka, na Sarpy ikawa kaunti ya tatu kwa idadi ya watu katika jimbo zima huku ingali imebeba ile 59 ya enzi za babu zao. Mwaka 2002 kaunti hizo tatu zenye watu wengi ziliacha nambari za kaunti na kuanza kutumia herufi za kawaida, kwa sababu nafasi kwenye kibao haikuwa ikitosha. Nyingi za kaunti nyingine, zilizo za wakulima na wafugaji, ziliendelea na mtindo wa kale.

Hapo ndipo linapojitokeza swali ambalo kwa Mkenya si jepesi hata kidogo: nyumbani ni wapi? Mwalimu aliyezaliwa Vihiga, anayefundisha Kajiado, aliyenunua gari lililoshushwa bandarini Mombasa na kuuzwa Nairobi, atapewa herufi za kaunti ipi? Tukifuata mahali pa kununulia, basi Nairobi na Mombasa zitajaza barabara zote na kaunti nyingine zitapata mabaki. Tukifuata makazi, mwalimu huyo atalazimika kubadilisha vibao kila anapohamishwa na mwajiri wake, na kuvilipia. Tukifuata alikozaliwa, kibao hakitakuwa tena cha gari, kitakuwa cha ukoo.

Ujerumani ilichagua makazi. Tangu mwaka 1956, herufi za mwanzo za nambari zimekuwa zikitaja mji au wilaya, na kwa miongo mingi aliyehamia wilaya nyingine alitakiwa kuchukua nambari mpya. Usumbufu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kuanzia mwaka 2015 mtu aliruhusiwa kuhama na nambari yake. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi. Zamani tarakimu za mwisho za kibao, kama vile 75 ya Paris, zilionyesha wilaya ya mwenye gari. Mwaka 2009 ikaanzishwa nambari ya kudumu isiyotaja mahali, na alama ya wilaya ikasogezwa pembeni ikawa pambo. Mwenye gari anaweza kuchagua hata wilaya asiyowahi kuishi. Uhispania ilifuta herufi za mikoa mwaka 2000. Barani Afrika, Afrika Kusini ingali na herufi za majimbo, ambapo GP ni Gauteng, na katika baadhi ya majimbo hata mji hutajwa: CA ni Cape Town na ND ni Durban. Madereva wa GP wanaposhuka pwani wakati wa likizo hutaniwa na wenyeji, na utani huo si wa heshima.

Turudi nyumbani tutazame hoja ya mapato, maana ndiyo inayoweza kuwavutia magavana. Inadhaniwa kwamba kibao chenye kaunti kingesaidia kila serikali kupata haki yake kutokana na magari yaliyo kwake. Lakini fedha za kukarabati barabara nchini hutokana hasa na ushuru wa mafuta, uliopandishwa Julai 2024 kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Ushuru huo hulipwa penye pampu na kibao hakihusiki. Mvutano baina ya magavana na Bunge la Taifa kuhusu Sh10.5 bilioni za hazina hiyo katika mwaka wa fedha wa 2024/25 ulihusu nani mwenye barabara, wala si nani mwenye magari. Ada ya maegesho nayo hutozwa pale gari liliposimama. Mkaguzi wa maegesho mjini Nakuru hupiga nambari kwenye mashine yake na kudai ada, awe mwenye gari ni wa Nakuru au wa Mandera.

Kinachoweza kutokea ni kinyume cha haki hiyo. Wenye malori ya mazao na mchanga wamelalamika kwa muda mrefu kuhusu ushuru unaodaiwa katika vizuizi vya kaunti moja baada ya nyingine. Wenye viwanda nao wamelalamikia kaunti zinazoyatoza ada ya matangazo magari ya kusambaza bidhaa kwa sababu tu yameandikwa jina la kampuni, hata yanapopita njia. Katiba inakataza kaunti kutumia mamlaka yao ya kutoza kodi kwa namna inayodhuru shughuli za kiuchumi kuvuka mipaka, lakini dereva aliye kwenye kizuizi saa kumi alfajiri, nyanya zikianza kuoza, hana muda wa kunukuu katiba. Mpe huyo mtoza ushuru kibao kinachomwambia kutoka mbali kwamba lori ni la kaunti nyingine, nawe umempa sababu ya kulisimamisha.

Hoja ya usalama ina uzito zaidi. Shahidi wa wizi hukumbuka nusu ya nambari, na kaunti ikiwa sehemu ya nusu hiyo, msako hupungua. Katika kaunti za Nebraska zenye watu wachache, mkuu wa polisi huliona gari geni likizunguka mashambani usiku na kujua papo hapo kwamba si la wenyeji. Hiyo ni faida ya kweli, na wafugaji walioibiwa mifugo hapa kwetu wangeielewa mara moja.

Lakini soma tena sentensi hiyo: kujua papo hapo kwamba si la wenyeji. Mapema mwaka 2008, baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais wa Desemba 2007 kupingwa, vijana waliweka vizuizi vya mawe na magogo katika barabara za Bonde la Ufa na kwingineko. Wasafiri waliamriwa kutoa vitambulisho ili jina na wilaya ya nyumbani visomwe. Wapo waliopita, wapo waliorudishwa, na wapo ambao hawakufika walikokuwa wakienda. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliandika kwamba watu 1,133 waliuawa katika ghasia za kipindi hicho. Wakati huo kitambulisho kilikuwa mfukoni, na ilibidi mtu asimamishwe kwanza ndipo kisomwe. Kibao cha gari husomwa mita hamsini kabla ya gari kufika.

Nchini Kenya jina la kaunti si jina la mahali tu. Mipaka mingi ya kaunti zetu inafuata ile ya wilaya za zamani, ambazo zilichorwa kwa kuzingatia makabila. Mtu akiona Nyeri, Siaya, Bomet au Makueni kwenye kibao, haraka atadhani amejua lugha ya dereva na hata kura aliyopiga. Mara nyingine atakosea, kwani kuna Wakenya wengi waliozaliwa na kukulia kaunti zisizo za wazazi wao. Kukosea kwake hakutamsaidia dereva.

Bosnia na Herzegovina ilikumbana na jambo hili waziwazi. Baada ya vita vya mwaka 1992 hadi 1995, kila upande ulikuwa na vibao vyake, na gari lilipovuka kwenda upande wa pili kibao kilimfichua mwenyewe. Amani ilikuwa imetiwa saini na barabara zimefunguliwa, ila watu waliogopa kusafiri. Mwaka 1998, kwa msukumo wa jumuiya ya kimataifa, nchi nzima ilipewa vibao vya aina moja visivyotaja eneo. Hata herufi zilichaguliwa kwa uangalifu: zikatumika zile tu zinazofanana katika maandishi ya Kilatini na ya Kisirili, kama A, E, K na M, ili mwandiko nao usimsaliti mtu. Safari za kuvuka mstari uliozitenganisha pande hizo ziliongezeka haraka. Kwa maoni yangu, ni nadra uamuzi mdogo kama huo wa ofisi ya usajili kuleta nafuu kubwa namna ile.

Sisi tayari tunacho walichokitafuta, na tulikipata bila kukusudia. Polisi anayetaka kujua gari ni la nani na anaishi wapi atalipata jibu kwenye daftari la NTSA, na mwananchi wa kawaida anaweza kuomba maelezo kupitia mtandao wa serikali kwa ada ndogo. Daftari hilo likiwa na dosari, na mnunuzi wa gari kuukuu asiyebadilisha jina la mmiliki ni dosari inayojulikana, basi ndilo la kurekebishwa. Anayeona fahari ya kwao naye hajazuiwa kubandika bendera ya kaunti kwenye kioo cha nyuma, na kuibandua siku atakayoona heri kufanya hivyo. Matatu nazo huandikwa njia zake ubavuni tangu kanuni za Waziri John Michuki za mwaka 2004, lakini hiyo ni habari ya abiria, anayetaka kujua anapelekwa wapi.

Yako magari mamia ambayo tayari yanaonyesha kaunti yake, nayo ni ya serikali za kaunti zenyewe. Nambari zake huanza na namba ya kaunti kama ilivyoorodheshwa katika Jedwali la Kwanza la Katiba, zikifuatwa na herufi CG: 01 ni Mombasa, 27 ni Uasin Gishu, 47 ni Nairobi. Hapo alama ya kaunti ina kazi, kwa sababu gari ni mali ya umma na umma unaoligharimia ni wa eneo fulani. Gari la 27CG likionekana limeegeshwa nje ya hoteli ya ufuoni Jumapili jioni, mlipa kodi wa Eldoret aliye likizoni ana haki ya kulipiga picha na kuuliza lilitumwa na nani.