Wakipunguzwa Wakaguzi, Nani Atapima Vumbi Letu?

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Habari imetufikia kutoka Marekani, na baadhi yenu mmeuliza yatuhusu nini sisi wa huku. Nchi ile ina idara ya serikali ya kulinda mazingira, iliyoanzishwa mwaka 1970. Kazi yake ni kupima moshi wa viwanda, maji ya mito, dawa za mashamba na taka za sumu, na kumpeleka mahakamani tajiri anayevunja sheria. Mwezi wa Januari 2025 idara hiyo ilikuwa na watumishi 16,155. Julai mwaka huo huo wakubwa wake wakatangaza kuwa watabaki 12,448, yaani katika kila wanne karibu mmoja anakwenda zake. Ofisi ya utafiti, ambamo wataalamu walichunguza sumu na maradhi yatokanayo nayo, ikatangazwa kufungwa. Watumishi zaidi ya mia moja waliotia sahihi barua ya kupinga mwendo huo wakasimamishwa kazi. Kisha Agosti, mkataba wa chama chao cha wafanyakazi ukavunjwa.

Kwanza basi tuseme hili: hao ni wafanyakazi wenzetu. Wamekatwa kazi na wamevunjiwa chama, na mtu wa chama hahitaji maelezo zaidi ya hapo.

Lakini sisi tunaotoka Kisimayu na visiwa vya Bajuni tuna la kuongeza, kwa sababu kwetu jambo hili lilikwenda mpaka mwisho wake. Kwetu wakaguzi hawakupungua robo. Walikwisha kabisa.

Wazee wetu wa Koyama, Chovai, Chula na Ngumi huzungumza habari za bwana samaki. Hakuwa malaika, na wapo wanaomcheka mpaka leo kwa namna alivyoogopa mawimbi ya kusi. Alikuja na kipimo chake kupima kamba wa miamba, na jike mwenye mayai alitaka arudishwe baharini. Wazee wenyewe wanakiri kwamba kamba wadogo walifichwa chini ya tanga. Hata hivyo alikuwapo, na kila nahodha alijua yupo. Sheria ya uvuvi ya Somalia ilitungwa mwaka 1985. Bara nako ilikuwapo idara ya taifa ya malisho na misitu, na mkaa haukuruhusiwa kuuzwa nje ya nchi.

Watu hudhani hayo yote yalivunjika siku moja, Januari 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka. Si kweli. Yalianza kuvunjika kabla, katika miaka ya 1980, pale mshahara wa mtumishi wa serikali ulipokuwa haumfikishi hata wiki ya pili ya mwezi. Ofisi ilibaki na jina lake mlangoni, lakini mkaguzi alikuwa sokoni akitafuta cha kuwalisha wanawe, au amekwenda Ghuba. Hakuna barua ya kumfuta kazi iliyoandikwa. Ndugu zangu, tuangalie sana namna hii ya kupunguza watu, maana ndiyo inayotumika zaidi katika nchi zetu. Mtu haondolewi, ananyimwa mafuta ya mashua, ananyimwa nauli, ananyimwa dawa za kupimia, mpaka anakaa tu ofisini akinywa chai. Halafu inasemwa hana faida.

Vita vilipokuja tulikuwa watoto. Wengi wetu tulipakiwa kwenye mashua tukaletwa Kenya, tukakaa kambini Jomvu, Mombasa, mpaka miaka ya mwisho ya 1990. Huku nyuma bahari ikawa haina mwenyewe. Meli za kigeni zilikokota nyavu zao usiku karibu na pwani, zikabeba majarife ya wavuvi pamoja na samaki. Mwaka 1992 mkuu wa shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira alitangaza kwamba kampuni za Ulaya zimefanya mipango ya kuleta taka za sumu Somalia. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, taarifa ya shirika hilo ikazungumzia taka zilizotupwa pwani ya nchi hiyo na watu waliougua.

Je, ni sumu gani, kiasi gani, imetupwa wapi? Mpaka leo watu wanabishana. Mmoja anasema aliona pipa, mwingine anasema ni uvumi. Na hapo ndipo hasara yenyewe ilipo. Penye mkaguzi kuna daftari, na penye daftari mtu aliyeumia anaweza kusimama mbele ya hakimu. Pasipo na mkaguzi kuna hadithi tu, na hadithi haimlipi mtu hata senti.

Sasa tuseme habari ya mkaa, maana hiyo hatukusimuliwa. Sisi wenyewe tulibeba magunia hayo. Tuliporudi Kisimayu kazi ilikuwa hiyo: migunga ya bara la Juba ikatwe, ichomwe, iletwe bandarini, ipakiwe majahazini na melini kwenda nchi za Ghuba. Tulilipwa kwa gunia, bila kitambaa cha kufunika pua, na jioni tukikohoa makohozi yalikuwa meusi kama wino. Tajiri aliyetuajiri alituambia tunywe maziwa. Hakuna mtu aliyewahi kuja kupima lile vumbi, wala kuhesabu miti, wala kuuliza kijana wa miaka kumi na mitatu anafanya nini juu ya ngazi ya meli. Nani angekuja? Ofisi ilikuwa imekufa.

Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapiga marufuku mkaa wa Somalia. Majeshi ya Kenya na wenzao wa Kisomali walipoingia Kisimayu mwishoni mwa mwaka huo walikuta shehena iliyokadiriwa kuwa magunia milioni 4. Marufuku ilikuwapo kwenye karatasi New York, na mkaa ukaendelea kutoka bandarini. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wenyewe waliyaandika hayo. Sheria isiyo na mtu wa kusimama getini ni ya nini? Kila aliyeushika mji alipata fungu lake, na kuli alipata kikohozi. Leo mfugaji wa bara anatafuta kivuli cha ng'ombe wake hakioni.

Tunajua mtakavyojibu, kwa sababu tumeyasikia kwenye mikutano ya matawi, na mwenzetu mmoja wa mashambani aliyasema kwa hasira: "Wakaguzi hao ndio wanaokula na tajiri. Wanapita ofisi ya meneja, wanatoka na bahasha, sisi hata hatuwaoni. Waache wafutwe!"

Ndugu huyu hakusema uongo. Tuchukue mfano wa hapo hapo Jomvu tulipokaa wakimbizi. Katika kijiji cha Owino Uhuru kilifunguliwa mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Kenya ilikuwa na idara yake ya mazingira, NEMA, chini ya sheria ya 1999. Idara ilikuwapo, na watu bado walipata sumu: wafanyakazi, mama zao, watoto wanaonyonya. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alipata habari baada ya mwanawe mwenyewe kuugua na kupimwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, na NEMA yenyewe ikawa miongoni mwa waliotakiwa kulipa. Rufani ikapigwa, amri ikatenguliwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Basi mkaguzi akilala, watu wanakufa. Lakini angalieni wanakijiji wale walishinda kwa nini. Walikuwa na vipimo vya damu na udongo. Walikuwa na sheria, na walikuwa na ofisi yenye jina na anwani ya kushtakiwa kwa kutofanya kazi yake. Sisi wa Kisimayu tungemshtaki nani kwa mapafu yetu? Mkaguzi mla rushwa anaweza kutajwa, kuhamishwa, kufungwa, na mwingine akawekwa mahali pake. Kiti kitupu hakishtakiki. Na tajiri anapofurahia kufutwa kwa mkaguzi, asidhani hatujui kwa nini bahasha zimemchosha.

Somalia sasa inajaribu kujenga tena. Sheria ya uvuvi ilitengenezwa upya mwaka 2014 na kukataza nyavu za kukokota, na mwaka 2022 ikaundwa wizara ya mazingira ya serikali kuu. Ni vema. Ila sheria haina macho. Twataka vijana wa Koyama na Chula waajiriwe kazi ya bwana samaki, wapewe mashua na mafuta, walipwe mshahara mwezi kwa mwezi, na wawe wanachama wa chama cha wafanyakazi ili mkubwa asiwafukuze kwa kuandika ukweli.

Na ninyi wa viwandani na mashambani, kabla ya mkutano ujao kila tawi litafute jibu la swali moja: mara ya mwisho mkaguzi wa mazingira au bwana afya kufika kazini kwenu ilikuwa lini, na alizungumza na nani, meneja peke yake au wafanyakazi pia? Andikeni tarehe. Kama hakuna anayekumbuka, andikeni hivyo hivyo, mtie sahihi, mlete karatasi.