Je, Wajua Mkazi wa Kinena Anayeng'aa Kama Marijani?

Daktari wa ngozi huzima taa, hufunga pazia, kisha humulika paja la mgonjwa kwa taa ndogo ya urujuanimno. Baka la kahawia ambalo dakika moja iliyopita halikuwa na ajabu yoyote huwaka wekundu wa marijani. Huyo ni Corynebacterium minutissimum, bakteria anayependa mikunjo ya ngozi: kinenani, makwapani, chini ya matiti na katikati ya vidole vya miguu. Wekundu huo unatokana na kemikali iitwayo koproporfirini, ambayo bakteria mwenyewe huitengeneza.

Taa hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1903 mwanafizikia wa Marekani, Robert Williams Wood, alibuni kioo cheusi chenye oksidi ya nikeli kinachozuia mwanga tunaouona na kupitisha urujuanimno. Mwaka 1925 madaktari wa Ufaransa wakaanza kuitumia kutafuta punye vichwani mwa wagonjwa, na tangu hapo taa ya Wood haijatoka kwenye vyumba vya madaktari wa ngozi.

Ugonjwa unaosababishwa na bakteria huyu huitwa eritrasma. Madaktari wa Ujerumani waliueleza karibu na mwaka 1860, wakaamini ni fangasi. Imani hiyo ilidumu miaka mia moja. Mwaka 1961 ndipo watafiti Sarkany, Taplin na Blank walipoonyesha kwamba mhusika ni bakteria, na kwamba dawa inayomfaa ni antibiotiki.

Kosa lile bado linaendelea kwenye madirisha ya maduka ya dawa. Mtu anainama, ananong'ona kwamba anawashwa au ananuka sehemu za siri, anapewa krimu ya kwanza iliyo karibu, na anaondoka haraka kabla hajaonekana. Lakini kinena kina wakazi wengi, na kila mmoja ana dawa yake. Asiyejua anapambana na nani hupoteza fedha, na ngozi yake huumia.

Kwanza tuelewe mahali penyewe. Mkunjo wa ngozi ni mahali ambapo ngozi hukutana na ngozi: hewa haipiti, jasho halikauki, na kila hatua ni msuguano. Ngozi ya kawaida ina uchachu kidogo unaowazuia vijidudu wengi kustawi, lakini mikunjoni uchachu huo hupungua. Sabuni kali nazo huuondoa zaidi. Ngozi iliyolowa muda mrefu hulainika na kuchubuka, na hapo mlango unakuwa wazi. Ndiyo maana dereva wa bodaboda anayekaa kwenye kiti kutwa nzima katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, mtu mnene, mtoto mchanga aliyefungwa nepi na mgonjwa asiyeweza kugeuka kitandani wote wamo hatarini.

Na harufu je? Mwili wa binadamu una tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Nyingi hutoa maji ya chumvi ya kupoza mwili, nayo karibu hayana harufu. Kwapani na kinenani ziko tezi za aina nyingine, apokrini, zinazoanza kazi wakati wa kubalehe na kutoa majimaji mazito yenye mafuta na protini. Hayo nayo yakitoka hayanuki. Bakteria wa ngozi ndio huyavunjavunja na kuacha asidi za mafuta na viambata vya salfa ambavyo pua huvinusa hata vikiwa kidogo mno. Kwa hiyo mtu aliyeoga asubuhi anaweza kunuka jioni, kwa sababu bakteria wanaendelea na kazi yao.

Kiasi cha harufu hutegemea pia urithi. Mwaka 2006 wanasayansi wa Japani waligundua kwamba jeni iitwayo ABCC11 ndiyo huamua kama nta ya sikio itakuwa kavu au yenye unyevu. Jeni hiyo hiyo huathiri kikwapa: watu wengi wa Asia Mashariki wana nta kavu na harufu ndogo, ilhali Waafrika wengi wana nta yenye unyevu na jasho linalowalisha bakteria vizuri zaidi. Kumwita mtu mchafu kwa sababu ya harufu yake pekee ni kumwonea.

Harufu ya kawaida ya jasho hupungua kwa maji, sabuni isiyo kali na kujikausha vizuri. Ikija pamoja na muwasho, mabaka, ngozi kubanduka au maumivu, hapo kuna mgeni wa kutafutwa.

Wa kwanza ni fangasi wa choa, hasa Trichophyton rubrum. Hukaa mapajani, akiacha baka lenye ukingo ulioinuka, mwekundu au mweusi zaidi ya ngozi inayozunguka, wenye magamba, huku katikati pakianza kupona. Anawasha sana, na kwa wanaume mara nyingi huiacha ngozi ya korodani bila kuigusa. Chanzo chake mara nyingi kiko mbali: miguuni. Fangasi wa vidole vya miguu hupanda na chupi wakati mtu anapoivaa, akafika kinenani. Anayetibu kinena na kuisahau miguu atarudi dukani baada ya mwezi. Njia rahisi ni kuitibu miguu pia, na kuvaa soksi kabla ya nguo ya ndani.

Wa pili ni Candida. Huyu hukaa ndani kabisa ya mkunjo, penye unyevu. Ngozi huwa nyekundu inayong'aa na kuuma, na pembeni hutawanyika vipele vidogo. Hachagui: korodani nazo huzivamia.

Wa tatu ni yule mwenye wekundu wa marijani. Baka lake ni la kahawia, bapa, lenye magamba membamba, na kwa kawaida haliwashi sana. Mwenye baka hilo anapokwenda kupimwa kwa taa, asiisugue sehemu hiyo kwa sabuni muda mfupi kabla. Maji huosha rangi, baka halitang'aa, na mgonjwa ataambiwa hana ugonjwa alio nao.

Dawa sasa. Kwa choa, krimu ya terbinafini hutumika wiki moja au mbili, na ya klotrimazoli au mikonazoli wiki mbili hadi nne. Paka sentimita 2 hivi nje ya ukingo wa baka, na endelea hata baada ya muwasho kuisha, kwa muda ulioambiwa, kwa sababu muwasho huisha kabla ya fangasi. Kwa Candida, klotrimazoli hufaa, na nistatini pia. Nistatini iligunduliwa mwaka 1950 na wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, kutoka kwenye udongo wa shamba. Lakini nistatini haifanyi kitu kwa choa. Kwa eritrasma zinahitajika antibiotiki kama klindamisini au asidi ya fusidiki, za kupaka, kwa maelekezo ya daktari.

Lililo hatari zaidi ni krimu za mchanganyiko: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi katika tyubu moja. Steroidi hutuliza muwasho siku hiyo hiyo, na mnunuzi huisifu. Huku nyuma huidhoofisha kinga ya ngozi, fangasi huenea bila ukingo unaotambulika, na ngozi ya mapajani, iliyo nyembamba, hupata mistari ya kudumu kama ya ujauzito. Tangu mwaka 1968 madaktari wa Uingereza wameieleza choa inayojificha kwa sababu ya steroidi. Miaka ya karibuni India imekumbwa na aina ya choa sugu kwa terbinafini, ambayo mwaka 2020 ilipewa jina la Trichophyton indotineae na ambayo sasa imeonekana katika nchi nyingi. Kila tyubu inayouzwa bila uchunguzi inauongezea nguvu usugu huo.

Nyumbani, yapo mambo yanayosaidia kweli. Jikaushe kwa kubonyeza taulo mkunjoni, usisugue. Vaa pamba isiyobana, badilisha kila siku, na usishirikiane taulo na mtu. Wapo wanaoficha nguo za ndani zikauke bafuni; wewe zianike juani. Shabu hupunguza jasho la kwapa, lakini haitibu fangasi, na juu ya ngozi iliyochubuka huchoma. Ndimu nayo huzidisha maumivu hayo.

Mwanamke anayesikia harufu kama ya samaki kutoka ukeni, hilo si jambo la mkunjo. Mara nyingi uwiano wa bakteria wa ndani umevurugika, na tiba ni kama vile metronidazoli kwa cheti. Kujiosha ndani kwa sabuni, ndimu au shabu huwaua bakteria walinzi na kuleta harufu upya.

Majipu yanayorudi mahali pale pale na kuacha makovu, baka lisilopona baada ya tiba kamili, au usaha na homa havisubiri. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha matabibu wa Afrika tangu miaka ya 1990, kwa hiyo ujuzi huu si wa mbali. Fangasi wanaorudi rudi mikunjoni wanaweza kuwa ishara ya kwanza ya kisukari, na kipimo cha sukari hugharimu kidogo kuliko tyubu nyingi za krimu. Anayechekwa kwa harufu yake hunyamaza, na aliyenyamaza hapimwi sukari. Tukiacha kumcheka, tumeshaianza tiba yake.