«Inasemekana»: neno lisilo na shahidi



Katika seminari tulijifunza Kilatini, Kifaransa, na Kiingereza kidogo. Lugha hizo tatu zina namna ya kuleta habari bila kumtaja aliyeisema. Kilatini chasema «dicitur» au «traditur», Kifaransa «on dit que». Kiingereza kina njia mbili: «it is said that Peter has died», tena «Peter is said to have died». Njia ya pili haimsumbui mwenye kujua Kilatini, maana ni sawasawa na «Petrus mortuus esse dicitur»: Petro anatangulia katika sentensi, naye aliyetoa habari ametoweka.

Kiswahili chetu nacho kina njia hizo. Twasema «inasemekana Petro amekufa», ama «Petro anasemekana amekufa». Katika soko la Sake au la Nyabiondo utasikia zaidi «banasema», kama Kilingala kisemavyo «balobi». Lakini «ba» hiyo haihesabu watu. Ukiuliza, «Ni nani hao?», utajibiwa, «Watu». Kinyarwanda chatosheka na neno dogo «ngo». Kiswahili kina «eti», lakini «eti» ina ladha yake: msemaji aonyesha kwamba yeye mwenyewe hasadiki sana. «Inasemekana» haionyeshi kitu. Hasadiki wala hakatai.

Hapa tutaje mtego mmoja wa wafasiri. Gazeti la Kifaransa likiandika «le chef serait mort», maana yake ni kwamba habari ya kifo imeletwa, lakini gazeti halijaihakikisha. Wengi wetu twageuza upesi: «mkubwa angekuwa amekufa». Hilo ni kosa kubwa. Kwa Kiswahili «angekuwa amekufa» humwambia msikilizaji kwamba hakufa! Yafaa kusema: «inasemekana amekufa, lakini haijahakikishwa».

Pengine fratri mmoja atauliza: mambo haya ya sarufi yatuhusu nini sisi wa Masisi na Walikale? Yatuhusu sana. Mwezi wa Machi 1993 watu walishambuliwa katika soko la Ntoto, huko Walikale. Mauaji yakaenea mpaka Masisi, na maelfu ya watu wakafa. Tangu wakati ule vita vimerudi mara nyingi, na watu wetu wamejifunza kukimbia kwa kusikia neno moja tu. Hatuwalaumu, aliyechelewa kukimbia mara nyingi hakubaki kusimulia. Lakini kwa sababu hiyo neno moja lina uzito wa mzigo mzima.

Sisi wenyewe tumekosa katika jambo hili. Dominika moja, kabla ya baraka ya mwisho, tulitangaza: «Inasemekana njia ya soko imefungwa na watu wenye silaha». Katekista alikuwa ameisikia kwa mwenye duka, naye kwa mtu wa pikipiki. Tulidhani tumejilinda, kwani hatukusema kwamba ni kweli. Saa sita mchana habari ilifika kijiji cha pili, lakini «inasemekana» ilikuwa imeanguka njiani. Huko walisema: «Padri amesema vita vimefika». Usiku ule familia nyingi zililala porini katika mvua, na mama mmoja akajifungulia chini ya miti. Kumbe njia ilikuwa wazi! Mtu wa pikipiki alikuwa amezuiwa kwenye barieri kwa sababu ya kukosa pesa za kulipa. Mama na mtoto ni wazima, tunamshukuru Mungu, lakini hatujasahau.

Hapo tulifahamu jambo ambalo kitabu cha sarufi hakikutufundisha. Neno lisilo na shahidi halikai hivyo siku nyingi: watu hulitafutia shahidi, nao humchagua yule waliyemsikia mwisho. Kama ni padri ama katekista, ndiye atakuwa shahidi, apende asipende.

Je, tuache kabisa kusema «inasemekana»? Hapana. Tupambanue mambo matatu.

Kwanza, yako mapokeo. Wazee wa Bahunde ama wa Banyanga wakisimulia asili ya ukoo, hakuna anayemjua msemaji wa kwanza. Hapo «yasemwa» ni haki, kama «traditur» ya Kilatini.

Pili, yuko shahidi anayehitaji kufichwa. Mtu aliyeona mauaji, jina lake likitajwa, aweza kuuawa. Hapo tufiche jina, lakini tusifiche ushahidi. Tuseme: «Mtu aliyeona kwa macho yake, ambaye hatutaji jina, ametuambia». Hili halifanani na «inasemekana», maana msikilizaji ajua kwamba mtu yuko, na kwamba sisi tunamjua.

Tatu, iko habari iliyookotwa njiani, hasa ile ya kumshtaki mtu ama kabila: «inasemekana watu wa mlima ule wanapanga jambo». Hapo neno hilo ni nguo ya kumfunika mwongo, na anayelirudia amshuhudia jirani yake uwongo. Amri ya nane haifunguliwi na sarufi.

Basi, makatekista wapenzi, kabla ya kutangaza habari tujiulize: Ni nani aliyesema? Aliona, ama alisikia? Nikikosea, ni nani atakayeumia? Kama habari ni ya hatari na hatujapata jibu, tuseme wazi: «Mtu mmoja ametuletea habari hii, yeye hakuona, tumetuma watu kuuliza, ngojeni hapa karibu». Maneno hayo ni marefu kuliko «inasemekana», lakini yamempa mama mjamzito nafasi ya kulala nyumbani mwake.