Fahamu: Shule ya kiangazi ya uchumi ng'ambo ni nini?

Ni masomo mafupi ya chuo kikuu yanayofanyika kati ya Juni na Agosti, vyuo vya Ulaya na Marekani vikiwa likizoni. Mwanafunzi husoma uchumi, uhasibu au biashara kwa wiki chache, kisha hufanya mtihani. Hapati digrii.

Ina manufaa gani?

Kwa mfano, London School of Economics (LSE) ya Uingereza ilianzisha shule yake ya kiangazi mwaka 1989, na kozi huchukua wiki tatu. Alama zako zaweza kuhesabiwa kwenye digrii ya nyumbani, mradi chuo chako kikubali kabla hujasafiri.

Eastlands ya Nairobi inahusikaje?

Mwai Kibaki alisomea uchumi Makerere, kisha LSE. Mwaka 1963 alichaguliwa mbunge wa Doonholm, humu humu Eastlands, na mwishoni mwa 2002 akawa rais wa Kenya. Yeye alisomea digrii, si kozi ya kiangazi.

Gharama ni zipi?

Mbali na karo, kuna nauli, malazi, chakula na viza. Viza ya wageni ya Uingereza huruhusu masomo ya hadi miezi 6. Ukinyimwa viza, ada yake hairudishwi. Mzazi anayeuza mitumba soko la Mutindwa, Eastlands, huenda akaombwa kuonyesha pesa zilikotoka, hivyo aweke rekodi za benki na M-Pesa mapema.

Tahadhari

Barua ya kukubaliwa si ufadhili. Uliza kuhusu ufadhili chuoni kwenyewe, lipa karo moja kwa moja kwa chuo, na usimkabidhi wakala akiba ya familia.