Kutoka Mwanza hata Bukoba kwa Ndege

Wasikilizaji wetu, wako wasemao kuwa Bukoba ni karibu na Mwanza, na wako wasemao kuwa ni mbali. Wote wasema kweli, maana kila mtu hupima kwa njia aliyoipita mwenyewe. Leo twataka kuieleza njia ya ndege, kwani hiyo ndiyo idanganyayo kuliko zote.

Chukueni ramani. Kiwanja cha ndege cha Mwanza ki karibu digrii 2.4 kusini ya Ikweta, na kile cha Bukoba digrii 1.3, tofauti ni digrii 1.1. Kwa upande wa magharibi pia tofauti ni digrii 1.1. Hapa petu, karibu na Ikweta, kila digrii ni kama kilometa 111 pande zote mbili. Basi tuna kilometa 122 kwenda kaskazini, na 122 kwenda magharibi. Wanafunzi wanaoijua kanuni ya pembetatu yenye pembe mraba watapata jibu upesi: kilometa 173 hivi, nyingi zake juu ya maji.

Gari hupita kilometa zaidi ya 400, kwa kuwa ziwa limeingia sana ndani ya nchi, na hapana budi kuzunguka kwa Sengerema, Geita, Biharamulo na Muleba. Daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa taabu ya kungoja kivuko. Mzunguko wenyewe ungalipo. Meli nayo husafiri usiku kucha.

Sasa, ndege ya mapangaboi iendayo kilometa 500 kwa saa ingemaliza njia hiyo kwa dakika 21. Mbona basi abiria huambiwa dakika 40 au zaidi? Ni kwa sababu hesabu yetu imeidhania ndege kuwa inakwenda mbio tangu hatua ya kwanza. Kwa kweli hutambaa kwanza kiwanjani, hupanda polepole, na kabla haijakaa sawasawa juu imekwisha kuanza kushuka. Kisha huenda ikazunguka ili itue kwa kuukabili upepo. Safari ikiwa fupi, mambo hayo hula nusu ya muda wote. Dar es Salaam ni mbali na Mwanza karibu mara tano ya Bukoba, lakini safari yake haichukui muda mara tano.

Tena iko hali ya hewa. Pepo za mashariki huvuta unyevu wa ziwa na kuupeleka pwani ya magharibi, na kwa hiyo Bukoba hupata mvua karibu maradufu ya Mwanza. Ngurumo za usiku juu ya ziwa mara nyingi hufika huko asubuhi, saa ile ile ndege zitakapo kutua. Tarehe 6 Novemba 2022 asubuhi, ndege iliyotoka Dar es Salaam na watu 43 ilianguka majini karibu na kiwanja cha Bukoba katika hewa mbaya. Watu 19 walikufa. Wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwafikia walionusurika.

Kwa hiyo asubuhi nyingine rubani huizunguka mvua, au huirudisha ndege Mwanza. Hapo mgonjwa aliyekwisha kufungasha mizigo Bukoba ili aende hospitali ya Bugando hungoja kiwanjani hata jioni, au hata kesho yake, na ndugu zake huuliza kwa uchungu mbona safari ya dakika 40 imekuwa ya siku mbili.