Mipaka katika mbinu ya kimia ya Boltzmann

Mbinu ya kimia ya Boltzmann ni njia ya kukokotoa kwa kompyuta mwendo wa giligili, yaani viowevu na gesi. Jina linatokana na Ludwig Boltzmann (1844–1906), mwanafizikia wa Austria aliyetoa mlinganyo kuhusu chembe za gesi mwaka 1872. Mbinu yenyewe ilianza mwaka 1988. Hutumika kuchunguza, kwa mfano, mtiririko wa damu mishipani na maji yanayopenya katika miamba yenye vitundu.

Gridi na majiranukta

Nafasi hugawanywa kuwa gridi ya nukta zenye umbali sawa. Kila nukta hutambuliwa kwa majiranukta ya namba kamili, x na y. Katika muundo wa D2Q9 (vipimo 2, mielekeo 9) kila nukta hubeba namba 9: moja ya chembe zilizotulia na 8 za chembe zinazoelekea nukta jirani. Jumla yake ni densiti ya giligili mahali hapo.

Kila hatua ya wakati ina sehemu mbili. Kwanza ni kugongana, ambapo namba hizo husogezwa karibu na hali ya msawazo. Pili ni kusafiri, ambapo kila namba huhamia nukta jirani iliyo katika mwelekeo wake.

Masharti ya mpakani

Nukta iliyo kando ya ukuta ulionyooka haina jirani upande wa ukuta, hivyo baada ya kusafiri hukosa namba 3. Masharti ya mpakani ni kanuni za kuzijaza:

* Kurudisha nyuma: chembe inayogonga ukuta hurudi ilikotoka. Hivyo giligili husimama ukutani.
* Mpaka wa mzunguko: kinachotoka upande mmoja wa gridi huingia upande wa pili.
* Kasi au shinikizo maalumu: namba hukokotolewa kutokana na thamani iliyochaguliwa, kama katika njia ya Zou na He ya mwaka 1997.

Mahali pa ukuta

Katika njia ya kurudisha nyuma, ukuta hauko juu ya nukta bali takriban katikati ya nukta mbili. Mfereji wenye nukta 10 za giligili, kuanzia y = 1 hadi y = 10, una kuta kwenye y = 0.5 na y = 10.5. Upana wake ni 10, si 9.

Tofauti hiyo si ndogo. Kati ya kuta mbili sambamba, kasi ya juu kabisa hulingana na mraba wa upana. Anayehesabu upana kuwa 9 atatarajia kasi iliyo chini kwa 19%, kwa kuwa 81 ni pungufu ya 100, na programu iliyo sahihi itaonekana kuwa na kosa.

Katika muundo sahili wa kugongana, mahali pa ukuta husogea pia kidogo kulingana na mnato. Kwa hiyo programu mpya hupimwa kwanza kwa mfereji ulionyooka, ambao jibu lake linajulikana kwa hesabu.